Mchapaji Aliyepaswa Kunyongwa Tarehe Tisa

Nchi ninayotaka kuisimulia ilikuwa Ulaya, na kwa kuwa wenyewe walikuwa wepesi wa kushtaki, jina lake naliacha. Ilikuwa nchi ndogo. Mtu mwenye farasi mzuri aliweza kuivuka kabla ya chakula cha mchana, na mtu mwenye kesi aliivuka haraka zaidi. Mashariki kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi nyingine, ndogo vilevile. Nchi hizi mbili zilichukiana kwa sababu za dini, na sababu hizo ni fupi, kwa hiyo nitazieleza sasa hivi.

Zama hizo, miaka mia nne na ushee iliyopita, Ukristo wa Ulaya ulikuwa umepasuka vipande viwili, dini ya zamani na dini mpya. Ilikubalika kwamba mtawala akishachagua dini, raia wake nao wamekwisha kuchagua. Utaratibu huu ulikuwa rahisi na uliwapunguzia watu kazi ya kufikiri. Mtawala wa nchi yetu, Mtukufu Adalberti, aliyeitwa Mwenye Nchi, alianza na dini ya zamani. Kisha akaona watawa wa dini hiyo wana mashamba mazuri, moyo wake ukaguswa, akaingia dini mpya na mashamba yakaingia kwake. Miaka minne baadaye akarudi dini ya zamani, ili apate kumwoa binti wa mtawala mwenye jeshi. Kila mara alitoka kwenye roshani ya kasri, akahutubia, na raia wakapewa hadi Jumanne wawe wamebadilika. Wengi walibadilika Jumatatu, ili waonekane.

Baada ya hotuba ya tatu, Mwenye Nchi akasikia kwamba watu wanamwita kigeugeu. Likamuuma. Akatoka tena kwenye roshani, akaapa mbele ya umati kwamba tangu siku ile, neno lolote litakalopigwa mhuri wake mkubwa halitabadilishwa na mtu yeyote aliye hai, hata yeye mwenyewe. Watu wakapiga makofi kwa muda uliopangwa.

*

Katika mji mkuu aliishi mchapaji mmoja, Vendelini Kroi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye wino kwenye kucha ambao hakuna sabuni iliyouweza. Mtambo wa kuchapa ulikuwa bado kitu kigeni kidogo, na wapo waliovuka barabara wasipite mlangoni pake. Mkewe, Ludmila, ndiye aliyepanga herufi. Alizichomoa moja moja kutoka kwenye visanduku, vipande vidogo vya madini ya risasi, na alisoma maneno kinyumenyume kwa wepesi kuliko hakimu alivyoyasoma kwa mbele.

Walikuwa wachapaji wa serikali. Kila dini ilipobadilika, walivunja kurasa zote za kitabu cha sala na kuzipanga upya. Mara ya mwisho Ludmila alikuwa akitafuta stooni kama kuna kurasa za zamani zilizobaki, na badala yake akakuta nakala za hotuba tatu za Mwenye Nchi, maana wao ndio waliozichapa. Akampelekea mumewe, wakazisoma wakiwa wamesimama.

Katika ya kwanza Mtukufu alisema, "Dini ya zamani ndiyo kweli, na niko tayari kuifia." Katika ya pili alisema, "Dini mpya ndiyo kweli, na niko tayari kuifia." Katika ya tatu alikuwa tayari kuifia ya zamani tena.

"Huyu mtu ana hamu ya kufa," Vendelini akasema.

"Ziweke ulikozikuta."

"Wewe ndiye uliyezikuta."

"Basi ziweke nilikozikuta mimi."

Hakuziweka. Vendelini hakuwa shujaa, na hakuna aliyewahi kumwona akipaza sauti sokoni. Alikuwa amechoka tu. Alitaka watu wazisome hotuba zote tatu kwa pamoja, upande kwa upande, halafu waende zao. Wakabishana siku mbili. Mwishowe Ludmila akafunga aproni yake, akasema, "Nitakupangia mimi, maana wewe utakosea tahajia. Lakini usiongeze hata neno moja la kwako."

"Sitaongeza."

Hakuongeza. Ilitoka karatasi moja yenye safu tatu, na kila safu ilikuwa na tarehe yake. Kufikia mchana nakala zote mia nne zilikuwa zimekwisha, na kufikia alasiri Vendelini alikuwa amefungwa kamba mikono.

*

Alishtakiwa kwa kosa la kukumbuka hadharani. Halikuwamo katika vitabu vya sheria, lakini Hakimu Mkuu, Bwana Pankrasi, alieleza kwamba halikuwamo kwa sababu hakuna aliyekuwa amedhani mtu anaweza kufikia hapo.

"Mheshimiwa," Vendelini akajitetea, "yote ni maneno ya Mwenye Nchi mwenyewe. Sikuongeza wala sikupunguza."

"Ndiyo uzito wa kosa lako," hakimu akamjibu kwa upole. "Ungekuwa umemsingizia, tungekusamehe. Mtu aliyesingiziwa hujitetea. Wewe umemwacha Mtukufu hana pa kushika."

Akahukumiwa kunyongwa. Hakimu Pankrasi alikuwa na uchungu na mambo ya kuahirisha, maana mwaka uliotangulia wafungwa wawili walitumia rufaa hadi wakafa kwa uzee. Kwa hiyo hukumu hii aliiandika kwa mkono wake mwenyewe: *anyongwe tarehe tisa ya mwezi huu wa Oktoba, saa nne asubuhi, na si siku nyingine wala saa nyingine, kabla au baada.* Akaisoma mara mbili kwa kuridhika, akaipeleka kasrini, nayo ikapigwa mhuri mkubwa.

Ludmila alikuwa akienda jela kila siku na chungu cha mchuzi. Mkuu wa jela, Bwana Kuno, baba wa mabinti watano, alimruhusu aingie, na Ludmila alipoingia, Kuno alitoka nje akajifanya anakagua bawaba.

"Mchuzi umezidi chumvi," Vendelini alisema siku moja.

"Umezidi nini?"

"Chumvi. Au ulikuwa unalia juu yake?"

"Sili— silii mimi. Kula."

Alikuwa mtu wa mizaha hata huko. Ludmila alikuwa akimjibu hivyohivyo, na alipotoka nje alihesabu siku zilizobaki. Ilikuwa tarehe tatu.

*

Tarehe nne, siku ya Alhamisi, wapiga tarumbeta waliwaita watu uwanjani. Kwenye jukwaa alisimama Waziri wa Nyakati, Mheshimiwa Ignati Bombeli, mtu mnene mwenye kola ya lesi iliyokunjwakunjwa, ambaye hadi juma lililopita alikuwa Waziri wa Mbwa wa Kuwindia.

Hapa inafaa nieleze jambo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Ulaya ilikuwa imehesabu mwaka kuwa mrefu kuliko ulivyo kwa dakika kumi na moja hivi. Dakika zilirundikana zikawa siku, na siku zikafika kumi. Wataalamu wa nyota wakaona, na agizo likatoka Roma, makao makuu ya dini ya zamani, kwamba siku kumi zirukwe ili kalenda na jua vipatane tena. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Nalisema hili kwa sababu ni nadra. Mwenye Nchi, aliyekuwa na shauku ya kuionyesha dini ya zamani jinsi alivyorudi kwa moyo wote, alitaka awe miongoni mwa wa kwanza kutii.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa Bombeli akaanza. "Serikali yenu sikivu imefanya uchunguzi na kugundua kwamba jua limekuwa likichelewa. Tumelivumilia vya kutosha. Leo ni tarehe nne. Kesho, kwa amri ya Mwenye Nchi, iliyopigwa mhuri mkubwa, itakuwa tarehe kumi na tano. Siku kumi za katikati zimefutwa. Atakayekutwa akizitumia atachukuliwa hatua!"

Mama mmoja mjamzito akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mkunga aliniambia tarehe nane. Nitajifungua lini?"

"Serikali haijakataza kujifungua, mama. Imekataza tarehe."

Mzee mmoja akauliza kama isingewezekana wamwondolee siku kumi katika zile zilizopita, maana zipo ambazo hangejali, na wamwachie hizi zijazo. Akaambiwa ombi lake limepokelewa.

Ludmila alikuwa amesimama nyuma, kando ya kisima. Hakuwa akisikiliza maswali. Alikuwa akihesabu kwa vidole: tano, sita, saba, nane. Alipofika kidole cha tano akakishika kwa mkono wa pili, akakibana kana kwamba kitamkimbia. Kisha akaenda nyumbani, akatoa sandukuni koti zuri la mumewe, akalipiga brashi.

*

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe kumi na tano, aligonga lango la jela na koti mkononi.

"Leo umekuja mapema, mama," Bwana Kuno akasema.

"Leo tarehe ngapi, Bwana Kuno?"

Mkuu wa jela akageuka kuitazama amri iliyobandikwa ukutani. "Kumi na tano."

"Mume wangu alipaswa kunyongwa lini?"

"Tarehe tisa."

"Imefika?"

Kuno akafikiri. Alikuwa mtu mwangalifu. "Imepita."

"Basi nipe mtu wangu."

Kuno akajikuna shingo, akaingia ofisini, akakaa huko muda, akatoka na karatasi mbili. "Mama Ludmila, nakuambia ukweli wangu. Kumnyonga siwezi, maana karatasi ya kumnyonga imekwisha muda wake. Na kumtoa siwezi, maana karatasi ya kumtoa sina. Ngoja niwaulize wakubwa."

"Usiwaulize wakubwa!" Ludmila akamwambia. "Sahau tu kufunga lango."

Kuno alimtazama kwa huzuni ya mtu mwenye mabinti watano. Kisha akawauliza wakubwa.

*

Kamati ikaundwa siku ileile, chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Bombeli, kwa kuwa jambo lilihusu nyakati. Wakakaa kwenye ukumbi wenye picha za mbwa, ambazo zilikuwa bado hazijaondolewa.

Hakimu Pankrasi alisimama akiwa amepauka. Mhuri mkubwa ulikuwa kwenye hukumu, na hukumu haikubadilika. Mhuri mkubwa ulikuwa pia kwenye amri ya kalenda, na amri haikubadilika. Kumnyonga Vendelini siku nyingine ni kuvunja neno la Mwenye Nchi, na kumwachia pia ni kuvunja neno la Mwenye Nchi. Bwana mmoja mwenye ndevu akapendekeza wangoje Oktoba ijayo, lakini hukumu ilisema "mwezi huu".

Ndipo Mheshimiwa Bombeli akapata wazo. "Tarehe tisa imepita," akasema. "Katika tarehe tisa kulikuwa na amri ya kunyonga. Hakuna taarifa yoyote iliyoletwa kwamba amri haikutekelezwa. Kwa hiyo ilitekelezwa. Mtu huyu amekwisha kunyongwa, mabwana. Kilichobaki ni mnyongaji athibitishe."

Akaitwa Mzee Ulriki, mnyongaji wa serikali, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyevua kofia mlangoni.

"Mzee Ulriki, ulimnyonga mchapaji tarehe tisa?"

"Tarehe tisa haikuwapo, Mheshimiwa."

"Tunajua. Na katika siku hiyo ambayo haikuwapo, ulimnyonga?"

Mzee akakohoa, akafikiri. "Mheshimiwa, nimenyonga watu thelathini na wanne. Kila mmoja namkumbuka sura, na wengine huniamsha. Huyu hayumo. Asubuhi hii nimemkuta jela anakula mkate."

"Hiyo ndiyo tabu ya kuwalisha," Bombeli akasema, na akaamuru jikoni wasimpikie tena mfungwa ambaye faili lake limefungwa. Tangu siku hiyo Kuno alimgawia chakula chake mwenyewe, na mkewe Kuno akaanza kuongeza kijiko bila kuambiwa.

Lakini Mzee Ulriki hakuyumba. Walimtisha, wakamsifu, wakampa kiti. Akasema ataithibitisha kazi aliyoifanya, na kazi asiyoifanya waithibitishe walioifanya. Habari ikafika kasrini. Mwenye Nchi alikasirika sana, akatoa saa ishirini na nne ipatikane tarehe tisa, popote ilipo.

Na kumbe ilikuwapo karibu. Ng'ambo ya mto, kwenye nchi ya dini mpya, mtawala wake mjane, Bibi Edeltruda, alikuwa ameikataa kalenda kwa kuwa imetoka Roma. Alisema afadhali agombane na jua kuliko kukubaliana na Roma. Kwa hiyo kule ng'ambo Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe sita. Jumanne ingekuwa tarehe tisa.

"Tutaiazima," Mheshimiwa Bombeli akasema, akafuta jasho.

*

Ludmila aliambiwa na Kuno, langoni, Jumapili baada ya ibada. Koti la mumewe alikuwa bado nalo, amelibeba mkononi siku ya tatu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Bibi wa ng'ambo amekubali?"

"Amekubali kwa furaha. Mti wa kunyongea atautoa yeye. Nadhani anafurahi kwamba Mwenye Nchi amemwomba kitu."

Ludmila akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Ulriki. Akamkuta bustanini akipalilia kabichi. Watu hawakuwa na desturi ya kumtembelea, na mzee alishindwa ajifute wapi mikono.

"Baba, nimekuja kukuuliza jambo moja. Jumanne utamnyonga?"

"Nikipewa amri iliyo sahihi, siku iliyo sahihi, saa iliyo sahihi, nitamnyonga, binti yangu. Ni kazi yangu. Sitakudanganya."

"Na kikikosekana kimoja?"

Ulriki akang'oa gugu, akalitazama mizizi. "Kikikosekana kimoja, simgusi. Nikimgusa hapo siwi mnyongaji tena. Nakuwa muuaji."

Ludmila alisimama kati ya makabichi akilishika koti. Alikuwa amepanga herufi miaka thelathini. Alikuwa amepanga mikataba, amri na salamu za wakubwa kwa wakubwa, na aliwahi kuivunja na kuipanga upya karatasi moja mara kumi na sita kwa ajili ya neno "pia". Alijua kwamba wakubwa wakiambiwa wamuue mtu hukubaliana upesi, lakini wakipewa neno la kugombania, hawana mwisho.

Jumatatu alivuka daraja pamoja na wauza mayai, akaomba kuonana na katibu wa Bibi Edeltruda, Bwana Teodori, kijana mkavu mwenye miwani. Akampigia goti.

"Bwana mkubwa, mimi ni mjane mtarajiwa. Sikuja kuomba huruma. Nimekuja tu kwa sababu mume wangu atafia kwenu, na sipendi adharauliwe aliyempa mahali pa kufia."

"Nani atamdharau?"

"Kule kwetu wanasema tarehe yenu si tarehe. Wanasema wanaitumia tu kama mtu anavyotumia choo cha jirani. Wakishamaliza watasema haikuwapo. Mimi si msomi, lakini nisingekubali bila maandishi. Ningetaka Mwenye Nchi aandike, kwa mkono wake, kwamba tarehe tisa *ipo*."

Bwana Teodori alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ludmila akajua kwamba neno limeingia.

*

Jumanne asubuhi na mapema daraja lilijaa watu pande zote mbili. Katikati yake, juu ya mstari wa mpaka, iliwekwa meza. Ilikuwa pana kuliko mstari, kwa hiyo saa nzima ilitumika kuhakikisha kwamba haijaingia zaidi upande mmoja. Ng'ambo, ukingoni mwa mto, mti wa kunyongea ulikuwa umesimamishwa, mbao mpya, unanukia utomvu.

Vendelini aliletwa kwa gari la kukokotwa na nyumbu, akiwa amevaa lile koti. Mzee Ulriki alikaa karibu naye na kamba mapajani. Ludmila alitembea kando ya gurudumu, mkono juu ya ubao, na mkono wa mumewe juu ya wake.

"Kumbe hili koti bado linanienea," Vendelini akasema.

"Umekonda."

"Kuno anakula vibaya."

Ludmila akautazama mnara wa kanisa. Saa tatu na nusu. Kuhusu tarehe nchi hizi zilikuwa zimetofautiana, lakini kuhusu saa zilikuwa bado hazijafikiria.

Mezani, Bwana Teodori alifungua mkoba. "Bibi yangu yuko radhi mfungwa apite," akasema. "Anaomba tu sahihi hapa, kwamba Mwenye Nchi anatambua kuwa leo ni tarehe tisa."

Mheshimiwa Bombeli akashtuka. "Tarehe tisa imefutwa kwa mhuri mkubwa!"

"Basi mmekuja kutafuta nini?"

"Tumekuja kutafuta... siku inayofanana nayo."

"Haifanani nayo. Ndiyo yenyewe."

"Tuandike 'tarehe inayodaiwa kuwa tisa'."

"Inadaiwa na nani?"

"Na nyinyi!"

"Sisi hatudai. Sisi tunaishi ndani yake."

Hakimu Pankrasi akapendekeza "tarehe tisa ya huko". Teodori akakubali, mradi neno "huko" liondolewe. Bombeli akapendekeza "iliyokuwa tarehe tisa". Teodori akauliza imekuwaje iwe "iliyokuwa" nao wako saa tatu na dakika arobaini ya asubuhi yake. Makarani walikata neno, wakaandika, wakakata tena. Wino ukaisha upande mmoja, na upande wa pili ukakataa kuazima. Nyumbu akalala.

Dakika kumi kabla ya saa nne Bombeli alianza kulegea. Alikuwa akilowa jasho ndani ya kola yake. "Sawa," akanong'ona, "sawa, tuandike 'ipo', lakini kwa herufi ndogo."

Ludmila akasikia. Vendelini naye akasikia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alimshika mkewe kidole, kimoja tu, kama mtoto anavyoshika.

Ndipo Ludmila akasema kwa sauti, kutoka pale kwenye gurudumu, "Bwana Teodori! Sentensi ikianza na neno hilo, herufi yake ya kwanza ni kubwa."

Bwana Teodori akaitazama karatasi. Kweli, sentensi ilianza nalo: *Ipo tarehe tisa.*

"Ni kubwa," akasema. "Bila shaka ni kubwa."

"Ndogo!" Bombeli akafoka. "Tulikubaliana ndogo!"

"Mnataka nchi nzima ya Bibi yangu ionekane haijui kuandika?"

Wakasimama wote. Viti vikaanguka. Mtu fulani akatupa kidau cha wino, na kwa kuwa kilikuwa kitupu hakikumdhuru mtu. Walikuwa bado wamekamatana kwa maneno pale saa ya kanisa ilipogonga saa nne, taratibu.

Mzee Ulriki akahesabu midundo. Ulipokwisha wa mwisho alingoja kidogo, kwa uungwana. Kisha akasimama, akaanza kuikunja kamba kuanzia kiganja hadi kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayemaliza kazi ya siku.

"Unafanya nini?" Bombeli akapiga kelele. "Tumebakiza herufi moja!"

"Hukumu inasema saa nne, Mheshimiwa. Saa nne imekwenda."

"Dakika mbili tu, mzee! Mbili!"

"Ingekuwa hata moja."

*

Waliokuwapo wanasema Mheshimiwa Bombeli alikaa chini darajani, palepale penye matope. Kurudi kwa Mwenye Nchi na mfungwa hai hakuwezekani. Akafanya kilichobaki. Akaandika taarifa kwamba hukumu imetekelezwa ng'ambo kwa ufanisi mkubwa, Hakimu Pankrasi akaigongea mhuri wa mahakama, na ikaandaliwa hati ya ujane, ambayo Bombeli mwenyewe alimkabidhi Ludmila kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Serikali iko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu."

"Ahsante, Mheshimiwa," Ludmila akasema.

Bombeli akamgeukia Vendelini, aliyekuwa akifunguliwa kamba. "Na marehemu asionekane tena upande wetu. Mtambo na nyumba vimechukuliwa. Mtu aliyekufa havihitaji."

Mzee Ulriki alipoambiwa apande gari warudi, alitikisa kichwa. Kule wangemtaka aseme amefanya. Akashika njia nyuma ya wale wawili, hatua ishirini hivi, ili asiwasumbue.

Walitembea wakapita mti wa kunyongea, wakapita mashamba ya shayiri. Walikuwa wameacha nyumba ya miaka thelathini, visanduku vya herufi, sufuria jikoni, makaburi ya watoto wao wawili. Walipofika penye mteremko Vendelini akakaa ghafla kando ya njia, akaanza kulia, mabega yakimtikisika, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Sasa ndiyo unalia?" Ludmila akamuuliza, akakaa naye kwenye majani.

"Kule sikupata nafasi."

Akamwacha alie. Mzee Ulriki akasimama mbali, akaangalia upande mwingine, akakohoa kwa chini.

Nchi ya Bibi Edeltruda nayo ilikuwa na utaratibu wake. Bwana Teodori aliwaambia wazi kwamba mjane mwenye hati halali hawezi kuishi nyumba moja na mwanamume asiye na karatasi, na kwamba mambo kama hayo yaliisha zama za dini ya zamani. Njia ilikuwa moja tu. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata walisimama mbele ya mchungaji wa kijiji, kanisa tupu, na Mzee Ulriki akiwa shahidi, amenyoa.

Mchungaji alikuwa mzee asiyependa haraka. Aliisoma hati ya ujane mara mbili, akamtazama Ludmila kwa upole.

"Mama, hapa naona ni siku chache tu tangu ufiwe. Ni wajibu wangu kukuuliza. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Ludmila alifikiri. "Mbishi," akasema. "Akiitwa kula haji mpaka aitwe mara tatu. Akiwa na hofu hufanya mzaha. Alinikosesha usingizi miaka thelathini."

"Ulimpenda?"

"Sikuwahi kumwambia. Nilidhani muda upo."

Vendelini alikuwa anatazama sakafu.

"Na huyu?" mchungaji akauliza, akimwonyesha kwa kitabu. "Huyu una hakika naye?"

Ludmila akamgeukia bwana harusi, akamtazama kuanzia viatu hadi usoni, bila haraka. Kisha akanyoosha mikono, akamfunga kifungo cha juu cha koti, pale shingoni.

"Huyu," akasema, "nitamwambia leo."